Amerudi Kweli au Amepita Kusalimia? Jinsi ya Kupima Msimu wa Nyota wa Besiboli Aliyefufuka

Mechi nyingi za besiboli za Marekani huanza jioni ya kwao, na kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa nane usiku, saa ambayo mtu mwenye kazi asubuhi yuko ndotoni. Chicago Cubs wana nafuu. Uwanjani kwao, Wrigley Field, bado kuna mechi nyingi za mchana: mpira wa kwanza ukirushwa saa saba na dakika ishirini mchana kwao, kwetu ni saa tatu na dakika ishirini usiku, vyombo vimeoshwa na watoto wamelala. Ndivyo nilivyomfuatilia mpigaji wao Cody Bellinger msimu mzima wa 2023. Nilimwona mtu aliyekuwa amezikwa akipiga .307, akivusha homurani 26 na kutwaa tuzo ya mchezaji aliyerejea katika Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda besiboli kuu ya Marekani.

Februari 2024 Cubs walipomsaini upya, nilimwekea jamaa yangu sahani ya pilau ya mbuzi kwamba Bellinger atapiga .300 tena. Alipiga .266. Pilau niliilipa, na kachumbari juu. Hesabu zilizomo humu ndizo nilizopaswa kuzifanya kabla ya kufungua mdomo.

Tuelewane kwanza kwa maneno, na wasomaji wa Uganda mnivumilie, maana nyinyi mchezo huu mnaujua (timu ya watoto kutoka Lugazi ilifika Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2012). Zamu ni kila mara mpigaji anaposimama mbele ya mrushaji. Hiti ni pigo linalomfikisha salama kwenye beisi (moja ya vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka), na wastani wa .300 ni hiti 300 kwa kila majaribio 1,000. Homurani ni mpira uliovuka uzio. Straiki ni mpira mzuri ulioukosa au uliouacha upite; tatu, umetoka. OPS ni jumla ya vitu viwili: mpigaji anafika beisi mara ngapi, na mapigo yake yana uzito gani. Mchezaji wa kawaida wa ligi huzunguka .720 au .730; .800 ni mzuri, .900 ni nyota, 1.000 ni wa kuogopwa.

Hatua ya 1: Uliza amerudi wapi

Mtu husema "amerudi" bila kutaja mahali. Kabla ya lolote, andika misimu yake yote kwenye karatasi moja. Takwimu hizi ziko bure kwenye tovuti ya Baseball-Reference. Ya Bellinger ni hii. Namba ya mwisho ni asilimia ya zamu zilizoishia kwa straiki tatu:

2019: wastani .305, homurani 47, OPS 1.035, straiki 16.4
2020: wastani .239, homurani 12, OPS .789, straiki 17.3 (msimu wa korona, mechi 60 tu)
2021: wastani .165, homurani 10, OPS .542, straiki 26.9
2022: wastani .210, homurani 19, OPS .654, straiki 27.3
2023: wastani .307, homurani 26, OPS .881, straiki 15.6

Mwaka 2017 alikuwa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa akiwa na Los Angeles Dodgers, na homurani zake 39 zilikuwa rekodi ya chipukizi katika ligi hiyo. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa. Ukiweka 2023 kando ya 2019, wastani unalingana, lakini homurani 47 zimekuwa 26 na OPS imepungua kwa zaidi ya alama 150. Yaani hata katika msimu ule wa kufufuka, Bellinger wa 2019 hakurudi. Aliyerudi ni mtu mwingine mwenye jina lile lile. Mimi niliona wastani tu, nikadhani ndiye.

Kwa hiyo gawa swali mara mbili. Je, atabaki juu ya shimo alilotoka? Na je, atafika tena kileleni? Majibu yake mara nyingi hutofautiana, na watu hugombana mitandaoni kwa sababu mmoja anajibu la kwanza na mwenzake anajibu la pili.

Hatua ya 2: Tafuta kilichomwangusha

Oktoba 2020, mechi ya saba ya fainali ya Ligi ya Taifa dhidi ya Atlanta. Bellinger anapiga homurani inayowapa Dodgers uongozi, anazunguka beisi, anafika nyumbani na kurukiana na mwenzake Enrique Hernández, mkono kwa mkono. Bega la kulia linachomoka. Linarudishwa, anamaliza mechi, Dodgers wanatwaa ubingwa, na Novemba anafanyiwa upasuaji wa bega. Aprili 2021 anagongana na mrushaji wa Oakland kwenye beisi ya kwanza, mfupa wa mguu wa kushoto unapata ufa.

Bellinger hupiga kwa kushoto, na kwa mpigaji wa kushoto bega la kulia ndilo la mbele, ndilo linalovuta gongo kuelekea mpira. Bega hilo likikosa nguvu, gongo linachelewa, na mpigaji anaanza kubuni njia za kufidia: anainua mkono mapema, anarefusha zungusho, anakisia. Mpira wa juu wenye kasi unampita. Ndiyo maana straiki zake ziliruka kutoka 17 hadi 27 kwa mia.

Sasa jiulize kama kilichomwangusha kimeondoka. Mfupa hupona. Bega lililofanyiwa upasuaji huchukua muda, lakini nalo hurudi. Macho yanayochelewa kuuona mpira kwa mtu wa miaka 35 hayarudi. Mtu aliyeanguka kwa sababu warushaji wamegundua udhaifu wake naye hatainuka mpaka aubadilishe yeye mwenyewe.

Mfano safi kuliko Bellinger ni mrushaji Chris Sale. Mwaka 2022 alivunjika ubavu, aliporudi akapigwa na mpira uliomvunja kidole, na alipokuwa akijiuguza akaanguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono. Ukisoma orodha hiyo unaweza kusema jamaa amerogwa. Lakini yote ni mifupa! Mwaka 2023 alirusha ining 102 na ushee tu kwa Boston (ining ni kipindi cha mchezo, na mechi moja ina tisa), na wastani wake wa mikimbio aliyofungwa kwa kila ining tisa, 4.30, haukumvutia mtu, ila kwa kila ining tisa alikuwa akiwatoa wapigaji 11 kwa straiki. Mkono ulikuwa umekwisha kurudi kabla ya matokeo. Atlanta wakamchukua, na 2024 akashinda mechi 18, akapoteza 3, kwa wastani wa 2.38 na straiki 225. Akabeba tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji aliyerejea kwa pamoja. Mwaka 2025 alivunjika mbavu tena akidaka mpira, lakini aliporusha alirusha kwa 2.58. Sababu ya kuanguka ikiwa mfupa, uwezo husubiri mfupa upone.

Hatua ya 3: Tenga kilicho mikononi mwake na kilicho mikononi mwa mpira

Hapa ndipo pilau yangu ilipotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpigaji akishaupiga mpira, kinachofuata si chake peke yake. Mpira mkali unaweza kumkuta mlinzi kifuani, na mpira dhaifu ukaanguka katikati ya watatu kama embe bivu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kwa msimu mmoja maembe hayo yanaweza kukuangukia wewe. Lakini kuugusa au kuukosa mpira ni jambo lake na mrushaji, na namba hiyo hutulia haraka. Wachambuzi waliopima utulivu wa takwimu walikuta kwamba kiwango cha straiki huanza kusema ukweli baada ya zamu 60 hivi, majuma mawili tu ya kucheza. Homurani huhitaji zamu 170 hivi. Wastani wa mipira inayochezwa uwanjani, yaani mipira isiyo homurani wala straiki, huhitaji mipira 800 na zaidi, ambayo kwa mchezaji wa kila siku ni takriban misimu miwili.

Kwa Bellinger wa 2023 mizani ilikaa hivi. Upande mmoja, straiki zilishuka kutoka 27.3 hadi 15.6 katika zamu 556. Hiyo si bahati. Ungeweza kuliona kwa macho: akifikia straiki mbili, hakuzungusha tena gongo kama anataka kuangusha mnazi. Alifupisha zungusho na kuusindikiza mpira upande wa kushoto wa uwanja, tap, juu ya kichwa cha mlinzi. Mpigaji wa 2022 angekuwa ameshageuka anarudi benchi.

Upande wa pili, mipira aliyoipiga kwa nguvu, ile inayotoka kwenye gongo kwa kilomita 153 kwa saa au zaidi, ilikuwa kama 31 kwa mia ya mipira yake yote. Wastani wa ligi ni karibu 39. Mtu wa .307 alikuwa akipiga kwa ulaini kuliko mchezaji wa kawaida! Mipira yake ya uwanjani iliangukia salama kwa kiwango cha .319, kutoka .255 mwaka uliotangulia, wakati ligi huzunguka .297 hivi. Mfumo wa Statcast, unaopima kasi na pembe ya kila mpira na kukadiria ulistahili nini, ulimpa matokeo ya chini sana kuliko aliyopata. Ukurasa wake kwenye tovuti ya Baseball Savant uko wazi kwa kila mtu: weka namba aliyopata kando ya namba aliyotarajiwa kupata. Pengo likiwa kubwa, usiweke pilau.

Lakini usikimbilie kusema "bahati tupu". Mwaka 2023 ligi ilipiga marufuku ule mtindo wa kurundika walinzi watatu upande mmoja wa beisi ya pili, na waliokuwa wakiumia zaidi kwa mtindo huo ni wapigaji wa kushoto wa aina yake. Mipira iliyokuwa ikifa 2022 sasa ilipata njia, na sheria ile bado ipo. Kwa hiyo sehemu ya ile .319 ilikuwa ya kudumu. Namba ikipanda, tafuta kwanza kama kuna kitu halisi kilichobadilika: sheria, uwanja, zungusho la gongo. Kinachobaki bila maelezo ndicho ukihesabu bahati.

Hatua ya 4: Shika kikokotoo

Mchambuzi Tom Tango alibuni kanuni ya kubashiri msimu ujao akaiita Marcel, jina la nyani, kwa kuwa ni rahisi hata nyani angeiweza. Yeye huipiga kwa kila aina ya pigo peke yake. Mimi naifupisha kwa kutumia OPS nzima, na kwa mabishano ya kijiweni inatosha.

Chukua misimu mitatu ya mwisho. Zidisha zamu za msimu wa karibuni kwa 5, wa kabla yake kwa 4, wa nyuma zaidi kwa 3. Kila jibu lizidishe kwa OPS ya msimu huo. Kisha ongeza zamu 1,200 za mchezaji wa kawaida wa ligi. Hizo ndizo unyenyekevu wa kanuni hii: kila mtu anavutwa kidogo kuelekea katikati.

Tufanye ya Bellinger kama ningeifanya Februari 2024:

2023: zamu 556 × 5 = 2,780; × .881 = 2,449
2022: zamu 550 × 4 = 2,200; × .654 = 1,439
2021: zamu 350 × 3 = 1,050; × .542 = 569
Ligi: zamu 1,200, ×.734 = 881

Zamu zote ni 7,230, jumla ya upande wa kulia ni 5,338. Gawanya: .738. Kwa kuwa alikuwa na miaka 28, na Marcel humwongezea kidogo aliye chini ya miaka 29, sema .743.

Alipata .751.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza, baada ya kulipa, nilikaa kimya kidogo. Nyani alikosea kwa alama nane. Mimi niliyemtazama usiku baada ya usiku nilikuwa mbali mno.

Ila nyani naye ana upofu wake. Hajui habari za bega. Kwake 2021 ni uwezo wa mtu, si maumivu. Na kwa kuwa anatazama miaka mitatu tu, hajawahi kusikia kuhusu 2019. Rudia hesabu baada ya msimu wa 2024 na inatoa karibu .760 kwa 2025, Bellinger akapata OPS ya .813 na homurani 29. Kwa hiyo anza na namba ya nyani, kisha isogeze juu au chini kwa ushahidi wa hatua ya 2 na ya 3, na usiisogeze kwa zaidi ya alama 40 bila sababu unayoweza kuitamka kwa sentensi moja.

Hatua ya 5: Tembea uwanjani

Viwanja vya besiboli havilingani, jambo linaloshangaza tuliokulia kwenye soka. Wrigley Field, pembeni kabisa upande wa kulia, uzio uko futi 353 kutoka kwa mpigaji, kama mita 108. Yankee Stadium, pembe hiyo hiyo, ni futi 314, chini ya mita 96. Mpigaji wa kushoto anapovuta mpira, huelekea huko.

Desemba 2024 Cubs walimpeleka Bellinger kwa New York Yankees. Kati ya homurani 29 za msimu uliofuata, 18 alizipiga nyumbani. OPS yake nyumbani ilikuwa .909, ugenini .715. Namba ya ugenini ni ndogo hata kuliko ile ya nyani. Hapo msimamo wangu ni kwamba 2025 haikuwa kufufuka kwa pili: alikuwa mchezaji yule yule wa 2024, mwenye afya zaidi, aliyehamia nyumba yenye ukuta wa karibu. Haimpunguzii kitu, homurani ya mita 97 inahesabiwa sawa na ya mita 130. Ila ukitaka kujua angefanya nini katika jezi nyingine, soma safu ya ugenini.

Hatua ya 6: Soma mkataba

Hatua fupi. Timu zina madaktari, kamera na wataalamu wa hesabu ambao mimi na wewe hatuna, na wanachokiamini hukiandika kwa dola. Novemba 2022 Dodgers walimwacha aende bure kuliko kumlipa. Cubs wakampa mwaka mmoja, dola milioni 17.5. Baada ya msimu wa .307, wakala wake Scott Boras alisubiri mkataba mrefu majira yote ya baridi, na haukuja: akapata miaka mitatu, dola milioni 80, yenye milango ya kutokea kila mwaka. Mchezaji wa miaka 28, aliyewahi kuwa bora wa ligi, ametoka kupiga .307, na timu 30 zimesita. Niliiona habari ile, nikasema wamiliki ni wabahili.

Hatua ya 7: Msimu wa pili usomwe kwa zamu

Msimu wa pili ukianza, usihukumu wiki ya kwanza kwa wastani. Baada ya zamu 60, tazama straiki peke yake. Ikiwa imebaki pale pale, mabadiliko ni ya kweli. Baada ya zamu 200, angalia mipira mikali na homurani. Wastani wa hiti uache mpaka Agosti, na hata hapo uutazame kwa jicho moja.

Weka pia kumbukumbu ya majeraha. Aprili 2024 Bellinger aligonga ukuta wa Wrigley akidaka mpira, na ukuta ule ni wa matofali, majani yanayoufunika ni pambo tu. Mbavu mbili zilipata ufa. Julai mpira ulimvunja kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Mtu mwenye kidole kilichovunjika hushika gongo kwa woga, kwa hiyo sehemu ya ule mteremko hadi .751 ni ya kidole. Ni ndogo kuliko mashabiki wa Chicago wanavyodai, lakini ipo.

Sasa tazama safu ya straiki peke yake, kuanzia aliporudi: 15.6 mwaka 2023, 15.6 mwaka 2024, 13.7 mwaka 2025. Wastani ulicheza, .307, .266, .272. Homurani zilicheza, 26, 18, 29. Timu ilibadilika, mbavu zilivunjika. Ile namba moja haikurudi tena kule kwenye 27. Alichokipata Chicago na akabaki nacho ni macho na zungusho fupi. Nguvu za 2019 hajazionyesha tena, na sidhani atazionyesha.

Jamaa yangu amenitumia ujumbe, anataka tuwekeane pilau nyingine. Nimemwambia sawa, lakini safari hii kwa straiki: ikipita 17 kwa mia nalipa mimi, ikibaki chini analipa yeye. Ameusoma ujumbe tangu jana mchana. Hajajibu.